Makato ya kadi ya benki yaonyeshwe kabla mteja hajathibitisha muamala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makato ya kadi za benki, jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likinung'unikiwa kwenye foleni za ATM hapa Tabora bila kusemwa kwa utaratibu mahali ambapo wenye mamlaka wanaweza kulisikia. Ombi langu ni moja. Mteja anapotumia kadi yake kutoa fedha, aonyeshwe kwenye kioo cha mashine, kwa Kiswahili na kwa shilingi kamili, jumla ya makato atakayotozwa, kodi zikiwa zimo ndani, kabla hajathibitisha muamala. Na akishapokea fedha zake, makato hayohayo yaandikwe kwenye risiti na kwenye ujumbe wa simu. Siombi benki zitoe huduma bure. Naomba mwenye fedha ajue bei ya huduma kabla ya kuinunua, kama anavyojua bei ya kilo ya sukari kabla ya kuilipia.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo wa mjini, na kwa sababu hiyo watu huniletea taarifa za akaunti zao wakitaka niwaeleze fedha zimekwenda wapi. Wanaokuja ni walimu, wauguzi, mafundi, wenye maduka ya pembejeo na makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika, yaani watu wanaosoma na kuandika kila siku. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinionyesha ukurasa ambao mstari wake wa juu ulisema ametoa shilingi 50,000, kisha chini yake ikafuata mistari mitatu ya kiasi kidogo kidogo, yote ikiwa na tarehe ileile na vifupisho vya Kiingereza ambavyo havikufafanuliwa mahali popote kwenye karatasi hiyo. Mstari wa kwanza ulikuwa ada ya benki, wa pili Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), na wa tatu ushuru wa bidhaa. Yeye alikuwa ameamini kwamba kuna mtu aliyeijua namba yake ya siri na anachota kidogo kidogo ili asishtukiwe. Alikuwa ameshaibadilisha namba hiyo, na bado mistari ileile iliendelea kujitokeza kila alipotoa fedha. Mtumishi wa umma mwenye elimu yake anapoishi na hofu ya mwizi ambaye hayupo, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia bei ya huduma anayoitumia kila mwezi, mimi siwezi kuliita hilo tatizo dogo.

Inafaa wasomaji wajue mistari hiyo inatoka wapi. Ada yenyewe hupangwa na benki, na kila benki ina jedwali lake. Juu ya ada hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unaotozwa kwenye ada za taasisi za fedha, na tangu Julai 2016 kuna pia VAT ya asilimia 18, baada ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo kuondoa msamaha uliokuwepo kwa huduma za kibenki zinazotozwa ada. Kwa hiyo benki ikitangaza ada ya shilingi 1,000 kabla ya kodi (nachukua kiasi hicho kwa mfano tu), mteja atakatwa karibu shilingi 1,300. Baadhi ya majedwali huonyesha ada ikiwa na kodi ndani yake, na mengine huonyesha ada peke yake kisha yakaandika chini, kwa herufi ndogo, kwamba kodi zitaongezwa. Anayelinganisha benki mbili bila kuyaona maneno hayo anaweza kuihama benki ya nafuu na kwenda kwenye ya ghali huku akiamini kwamba ameokoa fedha.

Katika makato yote, yanayowaumiza zaidi watu wa mkoa huu ni yale ya kutoa fedha taslimu, na hapo naomba nikae kidogo. Kwenye benki nyingi ada ya ATM huhesabiwa kwa kila mara unayotoa, na haitofautiani sana kati ya anayetoa 20,000 na anayetoa 200,000. Maana yake ni kwamba aliyetoa shilingi 20,000 mara tano amelipia huduma mara tano, na aliyetoa laki moja kwa mkupuo amelipia mara moja. Kwa wakala wa benki mambo ni tofauti, kwa kuwa ada yake hupanda kwa madaraja kulingana na kiasi unachotoa. Kwa hiyo kiasi kidogo kinaweza kuwa nafuu kwa wakala, na kiasi kikubwa kikawa nafuu kwenye mashine. Wakala, kwa sifa yake, mara nyingi amebandika bango la ada ukutani, na mteja analisoma akisubiri zamu. Mashine ya benki iliyojengwa kwa gharama kubwa, yenye kioo kinachoweza kuonyesha matangazo ya mikopo kwa rangi zote, haina mstari mmoja unaosema kutoa fedha hapa ni shilingi ngapi.

Ukitumia mashine ya benki nyingine, bei hupanda, na sababu yake inaeleweka. Benki yako inailipa benki yenye mashine kwa kukuhudumia, na kampuni ya mtandao unaounganisha benki hizo nayo ina sehemu yake. Kadi za benki zilizomo kwenye mtandao wa UmojaSwitch hutumika kwenye ATM za benki wanachama wenzao, na kadi zenye nembo ya Visa au Mastercard hukubaliwa kwenye mashine zenye nembo hizo. Wateja wengi wanaiona nembo, wanaona kadi imekubali, na wanahitimisha kwamba bei ni ileile ya kwenye benki yao. Mkazi wa Manispaa ya Tabora anaweza kutembea mtaa mmoja au miwili akaifikia mashine ya benki yake. Mtu wa Sikonge au Kaliua hana anasa hiyo. Hutumia mashine iliyopo, na ikiwa mtandao upo siku hiyo hushukuru.

Msimu wa masoko ya tumbaku ndipo jambo hili huonekana kwa macho. Malipo ya mkulima hupitia chama chake cha msingi na kuingia kwenye akaunti yake benki, utaratibu ambao mimi nauunga mkono kwa sababu unampunguzia hatari ya kutembea porini na mabunda ya fedha. Lakini hebu msomaji asimame karibu na ATM yoyote ya mjini siku ambayo malipo yametoka. Utamwona mama aliyetoka Ulyankulu au Tutuo kwa basi la alfajiri, kadi yake ikiwa imefungwa kwenye pindo la khanga. Anaingiza kadi na kuangalia salio, kwa kuwa hana hakika kama fedha zimeingia. Mashine inakwama, anaitoa kadi na kuiingiza tena, anaangalia salio mara ya pili. Anatoa kiasi cha kwanza. Anaangalia tena kama kilichobaki kiko salama, kisha anatoa kiasi kingine, kwa kuwa noti yetu kubwa ni ya shilingi 10,000 na mashine haiwezi kumpa fungu lote analolihitaji kwa mara moja. Kwenye baadhi ya benki kuangalia salio nako kunatozwa ada. Mama huyo ataondoka akiwa amelipia kila hatua ya wasiwasi wake, wakati dirisha la ndani ya benki, ambako angechukua fedha zote kwa mara moja na kuzihesabu akiwa ameketi, huenda lingemfaa zaidi. Hakuna aliyemdanganya, lakini pia hakuna aliyemwambia.

Nimewahi kumsikia mlinzi kijana akimweleza mama wa namna hiyo kwa upole, "Mama, namba ya siri usinitajie, ila ukishaangalia salio mara moja usirudie, wanakata." Mlinzi huyo, ambaye kazi yake ni kulinda lango, ndiye aliyekuwa mtu pekee kwenye jengo zima aliyempa mteja taarifa ya bei. Namheshimu kwa hilo. Hata hivyo, taarifa ambayo benki ina wajibu wa kuitoa haipaswi kutegemea huruma ya mlinzi wa zamu.

Wenye umri wangu wanakikumbuka kitabu cha akiba, enzi ambazo Benki ya Taifa ya Biashara ndiyo ilikuwa benki ya karibu kila mtu, kabla ya sheria ya mwaka 1991 kuzifungulia mlango benki binafsi, na kabla ya NBC yenyewe kugawanywa mwaka 1997. Foleni zilikuwa ndefu na sitamani zirudi. Lakini kila kilichoingia na kila kilichotoka kiliandikwa kwenye kitabu hicho, na kitabu ulirudi nacho nyumbani. Wazee wetu waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, walikuwa wakizungumzia jambo hilihili. Kadi imetuondolea kitabu, na mahali pake tumewekewa taarifa ya akaunti ambayo ni lazima uiombe, mara nyingine kwa malipo, na ambayo ukishaipata unahitaji mtu wa kukusomea.

Wapo watakaosema kwamba kuonyesha makato ni kazi ngumu ya kiufundi. Huduma za fedha kwa simu zimekwisha kulijibu hilo. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008 na wenzake wakafuata, Watanzania tumezoea kutuma fedha na kupokea ujumbe unaotaja kiasi kilichotumwa, makato na salio, vyote katika lugha yetu. Na tukumbuke jinsi uwazi huo ulivyotusaidia. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza tarehe 15 Julai 2021, watu waliijua siku ileile kwa sababu waliiona kwenye ujumbe wa simu zao. Walilalamika, mjadala ukafika kila mahali, na kabla mwaka haujaisha tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Ilipopanuliwa mwaka 2022 kuingia hadi kwenye miamala ya benki, kelele zikarudi, na mwezi Septemba mwaka huo serikali ikatangaza kuipunguza na kuifuta kwenye baadhi ya miamala. Sina nia ya kuufufua mjadala wa tozo ile. Ninachosema ni kwamba wananchi waliweza kujadiliana na serikali yao kwa sababu walikuwa na tarakimu mkononi. Kuhusu ada za kadi hatujadiliani na yeyote, kwa kuwa tarakimu hatuzioni mpaka mwezi umeisha.

Maofisa wa benki niliozungumza nao wana hoja mbili ambazo ni haki nizitaje. Ya kwanza ni kwamba majedwali ya ada yapo, yamebandikwa ndani ya matawi na kuwekwa kwenye tovuti. Ni kweli yapo. Lakini ATM hutumika usiku, siku za Jumapili na sikukuu, wakati milango ya tawi imefungwa, na jedwali la kurasa kadhaa kwa Kiingereza halimsaidii mtu aliyekwisha kuingiza kadi na ambaye nyuma yake kuna watu kumi wanaosubiri. Hoja ya pili ina uzito zaidi: mashine ya benki moja haijui jedwali la ada la benki nyingine, hivyo haiwezi kumwonyesha mteja mgeni makato kamili. Nakubali. Basi mashine imwambie angalau kwamba kadi yake ni ya benki nyingine na kwamba benki yake inaweza kumtoza ada ya juu zaidi kuliko anayotozwa kwenye mashine ya benki yake, aamue kuendelea au kuahirisha. Na benki yake, ambayo ndiyo inayokata, imtumie ujumbe unaotaja kiasi ilichokata. Kwa kadi zake yenyewe, benki haina kisingizio hicho. Najua pia kwamba kusafirisha noti hadi Tabora, kuzilinda, na kuiwezesha mashine kufanya kazi umeme unapokatika ni gharama halisi, na ada lazima iwepo. Ada inayostahili haiogopi kuonekana.

Sasa niseme kuhusu kulipa dukani, kwa sababu upande huo nao una mambo ambayo mteja hufichwa, safari hii mara nyingi na mwenye duka. Mtu anapolipa kwa kadi kwenye mashine ya POS, yaani kile kimashine cha dukani cha kupokea malipo ya kadi, kwa kawaida benki yake haimkati ada ya muamala huo kama inavyomkata anapotoa fedha taslimu. Anayekatwa ni mwenye duka. Benki iliyompa mashine inabakiza asilimia fulani ya mauzo, na fungu hilo hugawanywa kati yake, benki iliyotoa kadi na kampuni ya mtandao wa kadi. Makato hayo yamo kwenye mkataba ambao mwenye duka aliutia saini alipochukua mashine, na ni gharama ya biashara yake kama kodi ya pango na umeme. Hata hivyo yapo maduka hapa mjini ambapo ukitoa kadi unaambiwa, "Kwa kadi tunaongeza kidogo," na nyongeza hiyo huandikwa ndani ya bei bila kutajwa kwenye risiti. Kwa wateja wangu wenye maduka nimekuwa nikishauri kwamba kama makato ni mazito, warudi kwa benki yao wajadiliane, kwa kuwa asilimia hiyo hujadilika hasa mauzo yakiwa mengi. Kumbebesha mnunuzi kimyakimya ni kumfukuza arudi kwenye noti, na noti zina gharama zake za kuibwa, kupungua na kubebwa kupelekwa benki. Mnunuzi naye ana haki ya kuuliza mapema, kabla bidhaa hazijafungwa, kama bei ya kadi ni ileile, na kama siyo, alinganishe na kulipa kwa simu kupitia lipa namba.

Mashine ya POS inapokataa, tahadhari inahitajika. Mara nyingi mtandao hukatika katikati, mashine ikaandika kwamba muamala umeshindikana huku benki ya mteja ikiwa imeshaishikilia fedha. Mwenye duka anaomba kadi ipitishwe tena, na mteja akikubali haraka anaweza kujikuta amelipa mara mbili kwa mfuko mmoja wa saruji. Asubiri kwanza ujumbe wa simu au aangalie salio, adai kikaratasi cha muamala ulioshindikana, na akitunze, kwa kuwa kina saa, namba ya mashine na namba ya muamala, na benki hufuatilia kwa urahisi zaidi ikiwa na vitu hivyo. Fedha iliyoshikiliwa namna hiyo kwa kawaida hurudi, ingawa inaweza kuchukua siku kadhaa. Ni hivyo hivyo kwa ATM iliyohesabu noti bila kuzitoa: lalamiko lipelekwe kwenye benki iliyokupa kadi, hata kama mashine ni ya benki nyingine, kwa sababu akaunti yako iko kwao na wao ndio wenye njia ya kuwadai wenzao.

Vijana wetu wanaonunua vitu kwenye mtandao au kulipia programu za simu kwa dola nao wakumbuke kwamba kuna gharama ambayo haiandikwi kama ada. Benki inapobadilisha shilingi kuwa dola hutumia kiwango chake, na tofauti kati ya kiwango hicho na kile cha soko ni sehemu ya bei unayolipa. Kiasi kinachoshikiliwa siku ya kununua kinaweza pia kutofautiana na kinachokatwa siku muamala unapokamilika, kwa kuwa kiwango kimebadilika katikati. Tovuti ikikupa chaguo la kulipa kwa shilingi au kwa fedha ya muuzaji, usidhani shilingi ni nafuu kwa kuwa umeizoea. Mara nyingi tovuti hiyo imeweka kiwango chake chenye faida juu yake. Na anayejiunga na huduma ya kulipia kila mwezi kwa sababu mwezi wa kwanza ni bure ajue kwamba kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Lazima ajitoe kwenye huduma yenyewe, la sivyo kadi itaendelea kukatwa.

Zipo pia ada ambazo hazitegemei matumizi: ya kadi yenyewe, ya kuiendesha kwa mwezi au kwa mwaka, na ya kupewa nyingine ikipotea. Hizo sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa kwamba mtu aliyefungua akaunti ya pili kwa ajili ya mkopo uliokwisha malizika, na kadi yake ikabaki kabatini, aende akaifunge rasmi.

Nina neno pia kwa wale wanaowaachia wakopeshaji wa mitaani kadi zao pamoja na namba za siri kama dhamana, desturi ambayo imewakamata walimu na wastaafu wengi. Mbali na hatari nyingine zote, mtu huyo hawezi kujua ni makato gani yametokana na deni, ni yapi ni ada ya benki, na ni yapi ni wizi, kwa sababu kila muamala unafanywa na mkono usio wake. Akija kulalamika benki, ataulizwa kwa nini alitoa namba ya siri, na hapo lalamiko lake litaishia.

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inaipa Benki Kuu usimamizi wa mifumo hii, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinazitaka taasisi ziwe wazi kwa wateja na ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Mteja anaanza kwa kuandika kwa benki yake, anabaki na nakala yenye tarehe ya kupokelewa, na asiporidhika ndipo anakwenda Benki Kuu. Sisi wa Tabora hatuna tawi la Benki Kuu mkoani, kwa hiyo wengi huishia hatua ya kwanza, tena kwa mdomo, wakimweleza ofisa wa dawati ambaye kesho yake yuko likizo. Nawasihi waandike. Lalamiko la mdomo halina namba, na lisilo na namba halina anayelitafuta. Kwa upande wa Benki Kuu, ninaloliomba ni kwamba uwazi huo ufasiriwe kwa maneno yasiyo na njia ya kukwepa: kwamba bei ionekane mahali pa kununulia, wakati wa kununua, kwa lugha ya mnunuzi. Jedwali lililofungiwa ndani ya tawi halitimizi masharti hayo matatu.

Najua kwamba maandishi ya kwenye kioo cha ATM hupangwa makao makuu, Dar es Salaam, na kwamba meneja wa tawi hana uwezo wa kuyabadilisha, hivyo hilo nawaachia wakubwa wake na msimamizi wao. Lakini kuna jambo ambalo mameneja wa matawi yote ya Tabora, Urambo, Nzega, Igunga, Kaliua na Sikonge wanaweza kulifanya wiki hii bila kuomba ruhusa ya mbali: karatasi moja kubwa ya Kiswahili, ibandikwe nje pembeni ya mashine na si ndani ya tawi, ikitaja kwa shilingi na kodi zikiwa ndani ada ya kutoa fedha kwa kadi ya benki hiyo, ada ya kuangalia salio, kiwango cha juu cha kutoa kwa mara moja, na namba ya simu ya kupigia mashine inapokata bila kutoa fedha. Iwe imebandikwa kabla malipo ya tumbaku ya msimu ujao hayajaanza kuingia kwenye akaunti.

Wako,
Mtunza hesabu,
Isevya, Tabora